Ukoo wa Achari

Hatimali alinijia na chupa tatu na kalamu,
akazipanga juu ya meza yangu ya Guraya
katikati ya waya, vijiti na kopo la maji machafu.
"Nataka ukoo," alisema.
"Mtu akinunua achari aone kama yuwenda kwa jamaa zake."
Akahesabu kwa vidole: baba, mama, watoto,
wote wacheke,
wote watoshe kwenye lebo.

Udongo niliutoa Jomvu, gunia moja na nusu.
Nikauchuja kwa leso iliyofutika jina lake,
nikatoa vijiwe, mizizi, kifuniko kimoja cha soda,
nikauacha ulale siku mbili.
Udongo haujui haraka ya mtu mwenye risiti.

Ndimu kwanza. Huyu ndiye baba.
Nilimpa tumbo, na miguu mifupi,
na uso wa mtu anayedaiwa lakini amevaa vizuri.
Ngozi yake niliidunga kwa sindano ya cherehani,
tundu kwa tundu, hata mkono ukafa ganzi.
Alipokauka akapasuka shingo.
Nikamfinyanga tena. Akapasuka tena.
Mara ya tatu binti yangu, Mwanasiti, akasema,
"Mama, huenda hataki kuwa baba wa mtu."
Nikasaga kigae cha chungu cha zamani,
nikamkandia. Akatulia.

Embe ni mama. Huyu sikumtafuta, alikuja mwenyewe
na nyonga zake,
na shavu moja lililoiva kabla ya jingine.
Pilipili ni mapacha, hawakai kitako;
mmoja nimempinda kiuno
kama aliyeitwa akaoge.

Jumatano Hatimali akaja, akavua miwani, akaifuta, akaivaa.
"Wazuri. Lakini vidole vyako vyaonekana.
Hapa shavuni. Na hapa. Lainisha."
Nikamuuliza: achari ya mamako ilitiwa na mashine?
Akanyamaza kama mtu
aliyeulizwa jina la mwalimu wake wa chuoni.

Ndipo nilipoliona pengo.
Ndimu, Embe, Pilipili:
hawa wote wangeoza, wiki haijesha,
lau si mmoja ambaye hakutajwa.
"Chumvi?" alisema Hatimali. "Nani atapenda chumvi?
Bei yake haifiki hata bei ya kifuniko."
Na kweli, chumvi utaifinyanga vipi?
Haina kichwa wala kiwiliwili,
haina kokwa
useme hapa ndipo ulipo moyo.

Usiku nikatwaa konzi ya chumvi ya Gongoni, ile ya mawe,
nikaikanda ndani ya bonge lililobaki.
Nikatengeneza ajuza mfupi,
amekaa, mikono mapajani,
mdomo umefumba.
Sikumchekesha.
Nikamweka dirishani, nikalala.

Siku ya kwanza, hakuna. Ya pili, hakuna.
Ya tatu Mwanasiti akaniita, mswaki mdomoni:
"Njoo uone! Bibi ameota mvi!"
Chumvi ilikuwa imepanda kutoka tumboni,
imetokea utosini, kwenye nyusi,
kwenye vifundo vya vidole,
nyeupe, nyepesi, kama unga uliobaki mezani
baada ya mikate kwisha.
Nami sikuwa nimempaka kitu.

Hatimali alimzunguka mara mbili.
Nilingoja aulize atacheka lini.
Akalowesha ncha ya kidole ulimini,
akamgusa bibi utosini, polepole,
akaonja.

Alama za vidole hakuzitaja tena.
Aliuliza tu kama lebo yaweza kuongezwa upana.
Nikamwambia yaweza.
Nikamtajia na bei.