Bolti ya Tano

Njia hii ni ya watoto, walisema.
Nina miaka hamsini na mmoja,
nimesambaza barua za Areni nusu ya umri wangu,
magoti yanaijua kila ngazi ya kijiji.

Jiwe lina vishimo kama mkate.
Kulabu ya kwanza: ta! Ya pili: ta!
Chini, mwanangu Vahagn ameishika kamba
kwa mikono niliyokuwa nikiikata kucha.

Mpaka jana kamba ilitoka juu,
ikanishika kama mkono wa mama sokoni.
Leo inanifuata nyuma,
mbuzi anayejikokota,
na juu yangu hakuna kitu
ila tai, na bolti ya tano,
umbali wa mkono mmoja
na nusu.

"Rahisi, mama!"
Rahisi kwa nani?
Goti linashona kama cherehani.
Nanusa chaki, nanusa jasho langu,
naukumbuka mlango wa Haykanush,
bahasha yenye muhuri wa jeshi,
nilivyosimama nje, ngumi hewani,
nisiweze kubisha.

Nilibisha.

Mguu unapanda wenyewe.
Ta!

Bado nne. Vahagn, legeza kamba kidogo.
Usinivute.