Maombi Maalumu

Saa mbili asubuhi Kabale bado imejifunika,
ukungu haujaamua kuondoka Makanga,
nami nimekalia kiti cha Tumwine pale mapokezi,
yeye kaenda kunywa chai,
natumia kompyuta ya kazi kwa shughuli isiyo ya kazi:
natafuta chumba Perugia.

Kumbe nako ni kilimani. Ainembabazi aliniambia:
Mama, mji mzima umepanda juu kama mbuzi,
mawe yake yalipangwa kabla babu wa babu yetu hajazaliwa,
na kuna ngazi za umeme ndani ya tumbo la ngome ya kale,
unasimama tu, unapandishwa.
Nikacheka hadi nikakohoa.
Huku tunapanda na gunia la viazi kichwani
na hajatokea wa kutupandisha.

Anahitimu Julai. Anataka nilale kwake:
chumba kimoja, wasichana watatu, jiko la zamu.
Nimekataa.
Mwanangu, nimetandika vitanda vya watu miaka ishirini na miwili.
Nataka ufunguo.

Basi nazipitia picha, na jicho langu si la mgeni.
Hoteli ya kwanza, shuka imevutwa upande mmoja;
aliyetandika alikuwa ameshaitwa chumba kingine.
Ya pili, taulo zimekunjwa bata wawili wanabusiana.
Bata hao nawajua. Kila bata ni dakika nne
na hakuna anayekulipa bata.
Ya tatu wameandika "chumba chenye utulivu",
yaani dirisha linatazama ukuta.
"Cha kihistoria", yaani bomba linalia usiku.
Maneno haya nimeyasikia yakitungwa hapa hapa,
juu ya meza hii, bosi akiuliza:
Kenyangi, choo cha namba saba tukiiteje?

Mandhari ya bonde: yuro ishirini zaidi, kila usiku.
Ishirini!
Mimi nikifungua mlango wa jikoni kumwaga maji machafu
bonde linakuja lenyewe, na matuta yake yote,
na moshi wa watu wanaochemsha bushera,
na halijawahi kuniletea bili.

Nimepiga hesabu nyuma ya risiti ya dobi:
zamu yangu ya Machi kwenye chama cha akiba,
magunia sita ya viazi, mvua ikiwa na adabu,
na nusu ya ng'ombe
ambaye kaka yangu Rwabutogo anaapa ni wake mzima.

"Kughairi ni bure hadi tarehe kumi na nne."
Sentensi hiyo nimeirudia mara tatu.
Maishani sijapata kughairi kitu bure.
Viza bado. Wanataka barua ya benki, barua ya mwajiri,
na ushahidi kwamba nitarudi,
kana kwamba mbegu zangu zitajipanda zenyewe Septemba.

Mwisho kabisa kuna kisanduku cheupe: maombi maalumu.
Nikaandika: chumba cha chini, magoti yangu hayafai.
Nikafuta. Siendi kilimani kulala chini.
Nikaandika: tafadhali msinikunjie bata.
Nikafuta.
Nikakaa. Saa ya ukutani ikazungumza peke yake.

Milango niliyoibisha nikisema "usafi"
na sauti ikajibu "baadaye" bila kuinuka,
ukiipanga mmoja mmoja itafika Katuna mpakani,
na nyuma ya yote hiyo
hakuna aliyeuliza ni nani anayebisha.

Nikaandika: atakayetandika chumba changu anaitwa nani?
Nataka kulizoea jina lake kabla sijafika.

Tumwine huyo anarudi, chembe za chapati kwenye kola.
Namba tano wameondoka, anasema,
na wameacha shuka kwenye beseni la kuogea.
Nabonyeza "thibitisha".
Nachukua ndoo.