Tango la Uzi Mwekundu

Mkwe wangu, Bibi Ndeanasia wa Kirua,
hakunipa kitenge wala sufuria.
Alinipa kichupa cha dawa ya macho,
ndani mbegu thelathini na nne, nilizihesabu,
zimelala majivuni kama viazi vya watoto.
"Hizi si za dukani," alisema. "Ukizipoteza
usije kwangu. Nitakuwa sipo,
au nitakuwepo, nimekasirika."

Nikazipanda zote, kwa ujinga wa mwaka wa kwanza,
hapa Rau, nyuma ya jiko, masika yalipofungua,
mbili mbili shimoni, juu ya samadi ya mbuzi
niliyoibeba kwa ndoo kutoka kwa Kimario.
Siku ya sita majani mawili mazito
yakainua udongo
kama mtu anayechungulia kutoka chini ya shuka.

Tango hili halikubali kulala chini.
Jina lake linalisema: tango, kutanga, kutangatanga.
Nikalisimikia fito tatu za mgrivea,
nikazifunga kwa kamba za mgomba,
nikatandaza chandarua chetu cha zamani,
kile kilichochanika usiku ule
Mkunde alipoota anakimbizwa na ng'ombe.
Vikono vikashika matundu, kimoja, kimoja,
vikajisokota kama waya wa simu ya mezani,
na mwezi ulipokwisha vikakiacha chandarua,
vikashika isale za mpakani,
vikavuka.

Upande wa pili ni kwa Mama Eliasifiwe.
Hatusemeshani tangu kiangazi cha mfereji:
zamu yangu ya maji, jembe lake, maneno yangu.
Maneno yangu siyarudii hapa.

Tulikula. Mafupi, yenye vinundu,
chungu kidogo kichwani;
unakata ncha, unaisugua mpaka itoe povu,
uchungu unatoka nalo.
Moja sikuligusa. Nililifunga uzi mwekundu kikonyoni,
nikatangaza mezani: hili ni la mbegu.
Likavimba, likawa njano, likawa kahawia,
ngozi ikapasuka nyufa kama kisigino changu.

Kisha akaja shemeji Godlisten kutoka Dodoma,
mtoto wa yule yule mwenye mbegu.
Jumapili, mimi nikiwa kanisani,
alipata njaa, akapata na kisu.
Nilikuta kachumbari.
"Shemeji, tango lenu limezeeka," alisema,
"lakini kitunguu kimeliokoa."
Mbegu alizimwaga uani.
Kuku walikwisha kufika.

Nililia? Nililia. Mtu mzima, juu ya tango.

Jioni nikazunguka ua wa isale, nikatenga majani.
Kule, chini ya jani pana,
lilikuwepo jingine, la njano, zito,
limewekewa kigae chini lisioze,
na kikonyoni mwake uzi.
Wa bluu.
Nadhani mwekundu hakuwa nao.

Sikusema kitu. Naye hakusema.
Wiki ya pili nililikuta juu ya jiwe la mpakani.

Wanasema akiba haiozi.
Hii yetu sharti ioze kwanza:
unalipasua, unakomba utelezi wote,
unautia na maji kwenye kopo la Kimbo,
siku tatu, mpaka mume aulize nani amekufa.
Ndipo utando unaachia.
Nyepesi zinaelea, unazimwaga.
Nzito zinazama.
Zilizozama themanini na moja;
nikazianika kivulini kwenye sahani ya bati,
nikazipaka majivu.

Arobaini nimezirudisha kichupani.
Arobaini na moja nimezifunga gazetini,
asubuhi nitaziweka juu ya lile jiwe.
Ile moja ya ziada ni ya maneno ya mfereji.
Jani la isale nimelishika, sijalikata.
Tuanze na hizi.