Kitanda cha Chuma

Zamu yangu ya mchezo ilipofika, mwezi wa nne,
wenzangu wa ofisini walishaninunulia friji kwa midomo yao,
wakanichagulia na rangi.
Mimi nikanunua darubini ya mtumba.
Lenzi yake ina mkwaruzo mmoja, pembeni,
kama kope iliyodondoka.

Bunduki yenyewe ilikuwa ya bei ya chini kabisa dukani.
Komeo linakwama kama la choo cha stendi.
Kitako plastiki, ndani mtupu,
ukikigonga kinaitika kama nyumba iliyohamwa.
Nikikiegemea kinapinda, kikipinda kinausukuma mtutu,
na mtutu ukisukumwa unywele mmoja hapa
kule mita mia tano ni kiganja kizima.

Uza, waliniambia pale uwanjani, ongeza, chukua ya Wajerumani.
Niongeze nini?
Mshahara wa karani wa forodha
una watu wanaoungoja getini.
Nikasema mtutu hauna kosa.
Kosa ni malazi.

Keko, kwa Kibwana Mtulia, fundi vitanda,
nilikwenda na kitako peke yake, ndani ya kiroba cha sembe
(bunduki haitoki ghalani bila barua).
Akakipindapinda, akacheka.
"Dada Stamili, hiki si cha mtoto kuchezea?"
Nikamweleza: nataka chuma kilale, kisigeuke,
kiguswe pale tu panapopaswa kuguswa.
Akanyamaza, msasa mkononi.
"Basi ni kitanda. Ungesema mapema."

Mninga, kipande kilichobaki kwenye kabati la harusi ya mtu:
elfu thelathini na tano, na soda.
Gundi ya kuchanganya, ile ya mirija miwili, ya Gerezani.
Jumapili akaja mwenyewe ghalani, nyuma ya vilima vya Pugu,
na koplo mstaafu Nyamuhanga akamwandika daftarini:
jina, saa, namba ya simu. Kazi: kitanda.
Akaisoma tena. Akaiacha hivyo hivyo.

Tulikipaka chuma nta ya viatu
kisije kikaolewa na mti moja kwa moja.
Tukamimina, tukakilaza,
tukatoka kwa kunyata
kama watu waliomwacha mtoto usingizini.

Kesho yake nikatoa noti ya elfu kumi,
nikaipitisha kati ya mti na mtutu,
toka mdomoni hadi karibu na chemba.
Ikateleza bila kugusa kitu.
Ndiyo pesa pekee katika shughuli hii yote
iliyorudi mkobani.

Mengine ni ya nyumbani.
Soli ya kandambili, vipande viwili, kuinua shavu.
Mguu wa jinzi ya Ilala, umeshonwa, umeshiba pumba za mpunga.
Triga ilikuwa nzito kama kuomba ruhusa;
nikageuza skrubu moja, ile inayoruhusiwa na kitabu,
nusu mzunguko, nikaogopa, nikaishia hapo.

Siku ya kujaribu, joto liliamka kabla yetu.
Ndani ya darubini karatasi ilikuwa inachemka.
Nilikuwa nimefunga kipande cha kanga kwenye kijiti;
katika maandishi yake limebaki neno moja, *jirani*,
likipepea kulia, likilala, likipepea.
Nikangoja lilale.

Ya kwanza. Nikapumua. Ya pili.
Ya tatu, ya nne:
matundu manne, ungeyafunika kwa kisahani cha kikombe.
Ya tano ikaenda zake, kushoto, juu,
kama mgeni aliyekosea mtaa.

Nyamuhanga akashusha darubini yake.
"Mti?"
"Upepo," nikasema.

Haukuwa upepo. *Jirani* alikuwa amelala.
Ilikuwa mimi: nilishaanza kufurahi
kidole kikiwa bado kwenye triga.