Nati Isiyolegea

Ragnhild kaleta kigari chake cha umeme:
"Mzee Oddvar, hakingurumi. Ni kizima kweli?"

Akafunua boneti.
Hakuna plagi, hakuna mkanda,
hakuna pa kuchovya kijiti cha oili.
Akajaza maji ya vioo. Akapima upepo
matairi manne, akalitafuta na la tano kwa mazoea;
halikuwepo.
Akakaza nati moja isiyolegea.

Nje, theluji ya Hamar inaanguka
kimya, kama gari lenyewe.
Msumarini, ovaroli: miaka arobaini ya dizeli
imeganda kolani,
haitoki kwa sabuni wala kwa sheria.

"Nikulipe ngapi?"

Akatazama viganja vyake,
safi kama vya karani.
"Kahawa," akasema. "Na wiki ijayo
niletee tena, nikisikilize."