Vipimo vya Nsimire

Jumanne alirudi kutoka Kigali, anatembea ameinama
kama mtu anayetafuta sindano sakafuni.
"Fundi," akasema, "nipime upya.
Zile namba za zamani, zifute."

Daftari langu sifuti. Kiuno cha Nsimire kimo humo
tangu liputa la harusi: sitini na nane.
Kisha Ashuza. Kisha mapacha,
waliomjaza hata vifungo vikaruka
hapa hapa chini ya cherehani,
viwili hatukuviona tena.
Mia moja na nne. Tisini na tisa. Tisini na tisa.
Nilikuwa namwachia upindo mpana,
maana mwili wa mzazi hauna neno la mwisho.

Nyuma ya pazia akapandisha libaya.
Mshono, kutoka nyonga hadi nyonga,
mwekundu bado, umenyooka.
Mimi wa Kadutu, miaka ishirini na miwili ya uzi,
nikautazama kama fundi atazamavyo kazi ya fundi:
hakuna mkunjo.
"Na kitovu?"
"Ni kile kile. Ngozi waliivuta chini,
wakakitobolea mahali pengine."
Kifungo cha zamani, tundu jipya.
Tukacheka. Akashika tumbo: "Usinichekeshe, kunavuta."

Bei sikuuliza. Aliitaja mwenyewe:
kiwanja cha Panzi, kile alichoachiwa na mama yake.
Mumewe anajua?
Nilikuwa na pini mdomoni.

Sabini na tatu.
Michirizi ya chini imekwenda na kile kipande,
iliyobaki nyongani ni michache, myeupe,
kama chaki niliyosahau kupangusa.
"Na kipande chenyewe, walikiweka wapi?"
Hakuwa amewaza. Akatazama kikapu changu cha vibaki,
ambavyo huwa nashonea watoto kofia.

Usiku, umeme umekwenda, nikahesabu pesa ya shule
kwa taa ya simu, kwenye kopo la biskuti.
Noti moja ya dola ishirini imechanika ncha,
mkato mdogo kama ukucha wa mtoto.
Mbadilishaji wa Nyawera aliisukuma kwa kidole:
"Hii hapana, mama."
Ni ishirini. Imeandikwa ishirini pande zote mbili.

Nikainua nguo yangu.
Wanne walipita hapa, wameacha mitaro
kama mvua ya Aprili mlimani kwetu.
Wa tatu, Murhula, alikaa siku tisa.
Picha hana. Ile mistari mitatu ya kushoto,
alikokuwa akipiga teke,
najiambia ni yake. Ngozi haijui ni ya nani, sawa.
Lakini najiambia.

Ningekuwa na kiwanja?
Nilivuta nyama kwa mikono miwili, nikaibana nyuma
kama nguo ya mteja mbele ya kioo,
nikakaa hivyo kitambo, nikijiona.
Nilipendeza.
Nikaachia.

Kesho Nsimire anakuja kujaribu.
Nimekata kwa sabini na tatu, alivyotaka.
Ndani, asipopaona, nimemwachia upindo mpana.