Vipimo vya Msikiti wa Falaji ya Chini

Urefu, kutoka mlangoni hadi ukuta wa kibla:
mita kumi na moja na sentimita arubaini.
Nimepima mara mbili, maana utepe ulipinda
juu ya marobota ya majani.
Upana sijaupata bado.
Bi Zuweina amepanga malisho ya mbuzi wake
mpaka kifuani mwa nguzo ya tatu.

Andika: nguzo nne, za mviringo, fupi, nene,
wanawake wanne waliojifunga vibwebwe
wakaitwika dari.
Tao la kusini limelala kidogo.
Fundi alikosea, au ardhi ilikunja mguu.
Juu, magogo ya mtende yaliyopasuliwa,
juu yake mkeka, juu yake udongo.
Mnara hakuna, wala haukuwahi kuwapo.
Muadhini alipanda vidato kumi na viwili vya ndani
akachomoza kwenye kijikuba kisichomzidi kimo,
akaita kwa koo lake tu,
na waliokuwa mitendeni
wakashuka kwenye falaji kuosha miguu.

Ukuta una ngozi tatu. Nimeukwangua kwa ukucha
(mkuu wa idara asijue).
Ya juu saruji, ya mwaka ule wa barabara.
Ya kati lipu nyekundu, udongo uliochomwa.
Ya ndani mawe ya bondeni na tope,
na ndani ya tope kokwa ya tende.
Mtu alikula huku anajenga.

Halafu mihrabu.
Nilizima tochi, nikaiwasha tena.
Chokaa imechongwa ikiwa mbichi, kwa haraka ya mtu
anayejua itakauka kabla ya alasiri:
nyota ndani ya nyota, mnyororo, jani,
maandishi yanayokimbia pembezoni yakaishiwa nafasi
hata jina la fundi likabanwa konani:
Muhanna bin Dihman, mwaka mia saba na hamsini na
na ngapi? Mvua imekula.
Katikati palipachikwa bakuli la kauri, la Kichina.
Limebaki tundu, sentimita kumi na tisa,
na kingo za chokaa bado zimekunja vidole
kushika kitu kilichokwisha ondoka.

Nikamkumbuka mama, mzaliwa wa Wete,
aliyeziacha sahani zake vidakani, chini ya macho ya jirani,
na mpaka anakufa Mutrah
akisema "ninazo sahani zangu".

"Limechukuliwa lini?" niliuliza kwa Kiarabu.
Bi Zuweina akanijibu kwa Kiswahili, cha Pemba kabisa,
kana kwamba tumeachana jana tu sokoni:
"Mie nimeolewa hapa sabini na nne, nshalikuta tundu.
Na shomoro nshawakuta. Usiwafukuze."

Akanieleza, huku akifungua kamba ya robota,
jinsi maji yalivyopungua mferejini,
na msikiti mpya, wenye kiyoyozi, ulivyoota kando ya lami.
Watu walihama safu kwa safu.
Kwanza vijana, kisha wenye magoti mabovu.
Akabaki kipofu mmoja, Ghasib,
ambaye miguu yake ilijua njia ya zamani tu.
Alipokufa, ufunguo ukaletwa kwake yeye Zuweina
kwa kuwa mlango wake ndio wa karibu.

Fomu yangu, kisanduku cha tisa:
Jengo linatumika? Ndiyo. Hapana.
Nilikwisha weka alama, kwa wino.

Mbuzi walilia nje. Bi Zuweina akatoka na kikumba cha majani,
akarudi kuchukua kingine, akatoka, akarudi.
Mara ya tatu ndipo nilipoona:
kila akifika kizingitini anavua ndara,
anaingia kwa mguu wa kulia,
midomo inamcheza kidogo,
anachukua majani.

Nikatazama chini.
Buti zangu za serikali zilikuwa zimechora
njia nzima ya vumbi, kutoka mlangoni hadi mihrabuni.

Nikavua. Sakafu ilikuwa baridi
kuliko nilivyoandika.
Nikarudi mlangoni na utepe wangu,
nikaanza upya.